Ini la Mgonjwa wa Korona, na Maneno Tunayomficha Munganga

Kila mtu wa Kolwezi anajua ya kuwa korona ni ugonjwa wa kifua. Tulifundishwa hivyo tangu 10 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa nchi yetu alipotangazwa kule Kinshasa. Makanisa yakafungwa mwezi ule ule, yasifunguliwe hata Agosti. Baadhi ya makampuni ya migodi yakawazuia wafanyakazi wasirudi nyumbani, na wake zao wakabaki kuwasikia kwa simu tu. Siku zile zimepita. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza ya kuwa ile hali ya hatari ya dunia yote imekwisha. Walakini kijidudu chenyewe hakikuondoka duniani. Kingali kinapita kati yetu, na mara kwa mara kinamlaza mzee au mtu aliyekuwa na ugonjwa mwingine tangu zamani.

Basi jamaa za mgonjwa wa namna hiyo huuliza: "Munganga, mmetuambia ni ugonjwa wa mapafu. Mbona sasa karatasi ya maabara inasema ini la baba limeumia?" Ni swali jema. Nataka kulijibu, kisha niseme neno moja ambalo pengine halitawapendeza wazee wote wa kanisa.

Kwanza tulitazame ini. Liko upande wa kuume, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Damu nyingi inayoliingia hutoka moja kwa moja katika matumbo, ikichukua chakula, na kinywaji, na dawa, na sumu pia. Ini hupokea vyote, hupanga, hubadili, huweka akiba, na kuvunja kilicho kibaya. Mama wa nyumbani akitoka sokoni na kikapu hufanya kazi kama hiyo: hutenga dagaa waliooza, huosha mboga, huweka unga mahali pake. Lakini mama huyu wa ndani halalamiki. Nyama ya ini haisikii maumivu. Utando unaolizunguka ndio unaosikia, tena ini likishavimba tu. Ndiyo sababu mtu anaweza kuliharibu ini lake miaka kumi, naye anakwenda kazini kila asubuhi na kuimba katika kwaya siku ya Bwana.

Babu zetu walijua ya kuwa kiungo hiki si kidogo. Katika Kiswahili neno kali linamkata mtu maini, wala halimkati figo. Naye mwandishi wa Maombolezo, alipotaka kuonyesha uchungu wake kwa ajili ya Yerusalemu, alilitaja ini.

Sasa korona inafanya nini hapo? Chembe za ini zina vitu fulani ndani yake vinavyosaidia kazi. Chembe zikiumia, vitu hivyo huvuja na kuingia katika damu, na maabara huvipima. Katika karatasi zetu utaona vimeandikwa ASAT na ALAT, au TGO na TGP, ni vile vile. Taarifa za kwanza zilizotoka Uchina mwaka 2020 zilionyesha ya kuwa kati ya wagonjwa mia moja wa korona, 14 mpaka 53 walikuwa na vipimo hivi vilivyopanda. Hesabu hizo zimeachana sana kwa kuwa hospitali nyingine zilikuwa na wagonjwa wepesi na nyingine zilikuwa na wagonjwa mahututi. Kadiri mtu anavyozidiwa, ndivyo ini lake linavyoonyesha alama.

Sababu si moja. Mapafu yakijaa ugonjwa, damu hukosa hewa safi, na ini, ambalo lina kazi nyingi, huona njaa ya hewa hiyo mapema. Tena mwili unapopigana na kijidudu huwasha moto mkubwa, na pengine moto huo huunguza nyumba yenyewe. Damu huweza kuganda katika mishipa midogo. Kijidudu nacho chaweza kushika chembe za mifereji ya nyongo. Na dawa zenyewe zinazotumika huweza kulichosha ini. Lakini shika neno hili: kwa wagonjwa walio wengi uvimbe huu wa ini ni mdogo, haufanyi macho kuwa manjano, na hupona wenyewe mgonjwa anapopona kifua. Hauhitaji dawa yake ya pekee. Ini ni kiungo ambacho Mungu amekipa uwezo wa kujijenga tena.

Kama neno lingekuwa ni hilo tu, nisingechukua karatasi kuandika.

Shida ni hii. Mgonjwa wa korona akija na macho ya manjano, au tumbo limejaa maji, au vipimo vimepanda mara kumi na zaidi, mara nyingi korona siyo iliyofanya yote. Korona imekuta nyumba ambayo nguzo zake zimeliwa na mchwa. Na mchwa huyo ana jina, nayo jamaa yote inalijua, ila munganga peke yake halijui, kwa sababu hakuna aliyekubali kumwambia.

Tumfikirie baba mmoja wa Mashamba, mchimbaji. Si mtu fulani, ni mfano tu, lakini utamtambua. Anakohoa siku nne, ana homa. Mke wake anamnunulia paracetamol katika farmasi ndogo ya njiani. Shemeji analeta vidonge vingine vya mafua, vyenye jina jingine na rangi nyingine, lakini ndani yake mna paracetamol ile ile. Mama mkwe anachemsha majani na mizizi aliyopewa na mtu anayemwamini, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Rafiki wa kazini anasema lutuku kidogo huua vijidudu vya koo. Siku ya saba baba anashindwa kupumua, analetwa kwetu, macho yake manjano. Mwuguzi anauliza: "Baba amekunywa nini?" Jamaa wanatazamana. Mke anajibu: "Maji tu, na chai."

Hapo munganga anaanza kutafuta gizani. Atampa dawa ya homa, asijue ya kuwa mgonjwa amekwisha kumeza ya kutosha kumwua. Atapima malaria, maana malaria kali nayo hufanya macho manjano. Atawaza homa ya manjano, kwa kuwa mwaka 2016 ilitoka Angola ikaingia nchi yetu, na jimbo letu la Lualaba linapakana na Angola. Saa zinapita. Ingekuwa rahisi kama nini mtu mmoja angesema kweli mlangoni!

Nieleze mambo machache, maana baadhi ya wanaoficha hawajui wanaficha nini.

Paracetamol ni dawa njema, tena ndiyo tunayoitumia sisi wenyewe. Mtu mzima mwenye afya asipite vidonge nane vya miligramu 500 kwa siku moja, yaani gramu 4. Aliyekonda sana, aliyekaa bila kula, au anayekunywa pombe kali kila siku, haifai apite nusu yake, vidonge vinne. Akizidisha, ini hutengeneza sumu kutoka katika dawa hiyo, na kinga iliyokuwa ikiizima sumu hiyo huwa imekwisha, hasa kwa mnywaji. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujiona hana neno. Kichefuchefu kidogo tu. Siku ya tatu ndipo ini linapokufa. Iko dawa ya kuzuia jambo hilo, lakini inafaa kutolewa mapema, na nani ataitoa mapema kama hakuna aliyehesabu vidonge?

Majani na mizizi ni neno gumu zaidi. Mimi si mmoja wa wale wanaodharau kila mti wa porini. Kwinini ilitoka katika gome la mti, na dawa ya malaria tunayoitumia leo ilitoka katika mmea uitwao Artemisia. Lakini mtu akisema "ni majani tu, hayana kemikali," nitamkumbusha ya kuwa tumbako nayo ni majani. Kule Afrika Kusini kuna mzizi unaoitwa impila, ambao jina lake maana yake ni afya, nao umeua watu kwa kuharibu ini na figo. Mwezi wa Aprili 2020 serikali ya Madagaska ilitangaza kinywaji cha Artemisia kuwa dawa ya korona, na chupa zake zikapelekwa nchi nyingi za Afrika. Wala haijathibitishwa ya kuwa kiliponya korona. Nyumbani watu wakachemsha kila walichokiona, wakichanganya mitano na sita katika sufuria moja. Nani anajua kipimo? Kufukiza mvuke chini ya blanketi hakuharibu ini, ingawa nimeona vifua vilivyoungua maji ya moto. Kunywa kikombe baada ya kikombe cha kitu usichokijua ni jambo jingine. Na lile desturi la kumpa mgonjwa mwenye macho manjano dawa kali ya kuharisha "ili kusafisha ini" ni kumpiga mtu aliyeanguka chini. Ini halisafishwi kwa kuharisha.

Kisha lutuku. Wote tunajua inakopikwa, kwa mahindi na mihogo, nyuma ya nyumba ambazo hatuzitaji. Mnywaji wa miaka mingi ini lake hukauka, hujaa makovu, na damu hukosa njia ya kupita, ndipo tumbo hujaa maji na miguu huvimba. Wangapi wenye ini la namna hii walikufa walipopata korona? Waganga wa nchi 29 walikusanya habari za wagonjwa 745 wa korona waliokuwa na ugonjwa wa ini wa muda mrefu. Kati ya wale ambao ini lilikuwa bado halijakauka, walikufa 8 katika kila mia. Kati ya wale wenye ini lililokauka walikufa 32 katika kila mia. Na wale ambao ini lao lilikuwa limeharibika kabisa, zaidi ya nusu yao hawakutoka hospitalini wakiwa hai. Utaona basi ya kuwa tukiuliza habari za pombe hatuulizi ili kumwaibisha mtu. Twataka kujua twamlaza wapi, twamwangalia mara ngapi kwa usiku, na dawa ipi tusimpe.

Si wote wenye ini bovu ni walevi. Ningependa neno hili lisomwe mara mbili. Yuko mama asiyeonja hata munkoyo uliochacha, na ini lake limekauka kwa sababu ya kijidudu cha homa ya ini ya namna ya B. Kijidudu hicho hupita kwa damu, kwa wembe na sindano zisizo safi, kwa kulala pamoja, na mama humpa mtoto wakati wa kuzaliwa. Wengi walikipata utotoni, nao hawajui mpaka leo. Watoto wetu wanachanjwa sasa, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, katika ile sindano ya magonjwa matano. Sisi watu wazima wengi hatukuipata. Na tazama jinsi jambo hili linavyoungana na korona: mgonjwa anayekosa hewa hupewa deksametazoni, ambayo tangu Juni 2020 imejulikana kupunguza vifo vya wagonjwa wazito. Lakini deksametazoni hulaza askari wa mwili, na kijidudu cha B kilichokuwa kimelala kinaweza kuamka na kulishambulia ini. Munganga akijua mapema, atapima damu na kulinda. Ndiyo sababu pia mtu mwenye korona nyepesi asijinunulie vidonge hivyo sokoni. Kwa asiyekosa hewa havina faida.

Tena wako wachimbaji wanaomeza dawa za kifua kikuu, nao wanaona haya kusema, wakidhani jirani katika kitanda cha pili atawakimbia. Baadhi ya dawa hizo hulielemea ini. Wasiziache wenyewe, hasha! Kifua kikuu kitawaua. Waseme tu.

Sasa nafika kwenye lile neno nililoahidi. Kwa nini mke wa yule baba alisema "maji tu, na chai"? Je, ni mwongo? Sidhani. Aliogopa. Mume wake ni mshiriki wa kanisa, labda shemasi. Akisema lutuku, neno litatoka wodini, litafika kwa mzee wa kanisa kabla ya jioni, na siku ya Bwana inayofuata jina la mume wake litasomwa miongoni mwa waliotengwa na Meza ya Bwana. Akisema majani, ataulizwa ni nani aliyeyatoa, na kama palikuwa na ramli. Mwanamke huyu amepima mambo mawili, aibu anayoijua na kifo asichokiamini bado, akachagua kunyamaza. Na mimi nasema ya kuwa sisi wa kanisa ndio tuliomfundisha kuchagua hivyo.

Najua jibu la wazee. Watasema: tukifumba macho, ulevi utajaa kanisani. Nami nachukia ulevi kuliko wao, maana mimi ndiye ninayetoa maji katika matumbo hayo, ndoo baada ya ndoo. Sisemi kanisa liache kuonya. Nasema jambo alilomwambia munganga kitandani lisiwe shtaka mbele ya baraza la kanisa. Yakobo anamwagiza mgonjwa awaite wazee, nao wamwombee. Habari ya kuungama inakuja hapo, kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwa hiari yake. Hasemi wazee wapeleleze katika maabara. Mtu aliyepona na kusimama kwa miguu yake anaweza kuonywa. Maiti haonyeki.

Wala kosa si la wazee tu. Mwuguzi anayetoa siri ya mgonjwa sokoni, hata kama anasema "tumwombee", amefunga vinywa vya wagonjwa ishirini watakaokuja nyuma. Mtu wa namna hiyo hafai kuvaa koti jeupe. Wala pasta anayepita wodini asiulize "una ugonjwa gani?" mbele ya vitanda kumi.

Kuna woga mwingine mbaya zaidi, nao ni ule wa sumu. Mtu akiwa na macho manjano na tumbo limevimba, mara nyingi minong'ono huanza: amelishwa kitu. Ni ndugu yake aliyemwonea wivu kwa ajili ya pesa za madini. Ni mke wa pili. Ni mjane wa jirani. Familia hugawanyika juu ya kitanda, na pengine bibi kizee asiye na hatia hufukuzwa nyumbani. Na kumbe ni kijidudu cha B cha tangu utotoni, na paracetamol ya vidonge kumi na sita kwa siku, na korona iliyokuja kumaliza kazi. Siku ambayo jamaa wote wamesema wazi kile walichompa mgonjwa, minong'ono ile hukosa chakula. Ukweli wa kikombe cha majani waweza kumwokoa mgonjwa na yule bibi kizee pia.

Basi ukiwa na mgonjwa anayekohoa na kushindwa kupumua, usingoje macho yawe manjano. Mlete. Na unapomleta, usiache nyumbani vile vitu vilivyo kando ya kitanda chake: vidonge vilivyobaki na karatasi zake hata kama ni tupu, chupa, na sufuria yenye majani. Tumezoea, hakuna atakayecheka. Kama hujui kusoma, lete tu, tutasoma sisi. Tuambie alianza lini kumeza na alimeza vingapi. Tuambie kama mkojo wake umekuwa mweusi kama chai, kama choo kimekuwa cheupe, kama amechanganyikiwa au analala mchana na kukesha usiku, maana hizo ni alama za ini linaloshindwa. Ikiwa huwezi kusema mbele ya watu, mwombe mwuguzi atoke nawe nje. Yule mke wa mfano wetu angeweza kusema kwa sauti ya chini, chini ya mwembe, na ingetosha.

Na akipona, asikimbilie kusema yamekwisha. Karatasi yake ya ASAT na ALAT aitunze, arudi baada ya wiki chache tupime tena. Vipimo vikiwa vimeshuka, lilikuwa ni korona, tena imekwenda zake. Vikiwa bado viko juu, tutatafuta kile kilichokuwamo tangu zamani, na kwanza kabisa tutapima homa ya ini ya B. Aje na mke wake, na watoto wakubwa.